Utukufu kwa Mungu, si kwa Watu: Mwongozo Kamili wa Kupanga Ibada ya Jumapili

Makanisa mengi, kuanzia Nakuru hadi Busia, yamekwisha kuhubiri juu ya jambo hili. Mchungaji anasoma Isaya 42:8, "Mimi ni BWANA, ndilo jina langu, na utukufu wangu sitawapa wengine," washarika wanaitikia amina, na Jumapili inayofuata mfawidhi (MC wa ibada) anatumia dakika ishirini kutambulisha wageni huku Neno likisubiri mlangoni. Mahubiri hayakuwa na kasoro. Ni ratiba iliyobaki vilevile.

Utukufu wa Mungu huibwa mara chache sana mimbarini. Huibwa katika mapengo: kati ya wimbo na wimbo, wakati wa salamu, wakati wa ushuhuda, na zaidi ya pote wakati wa kutoa. Kwa hiyo mwongozo huu hauongezi somo jingine la unyenyekevu. Unashughulikia karatasi ya ratiba, maikrofoni, bahasha na viti, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua makofi yataenda wapi.

Umeandikwa kwa wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa sifa, makatibu na wafawidhi. Ikiwa kanisa lenu lina liturujia iliyopangwa tayari, kama Wakatoliki au Waanglikana, msiguse mpangilio wake. Fanyeni kazi katika mapengo tu, na huko mtapata kazi ya kutosha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja na kalamu, na mtu mmoja makini ambaye hana jukumu lolote Jumapili hiyo.
- Saa inayoonekana kutoka mimbarini. Saa ya ukutani iliyo nyuma ya washarika inatosha.
- Ratiba iliyopigwa chapa, nakala tano: mfawidhi, mhubiri, kiongozi wa sifa, fundi wa mitambo, mkuu wa wahudumu wa milangoni.
- Bahasha za sadaka zisizo na nafasi ya jina upande wa nje.
- Kikapu au sanduku la sadaka lenye mfuniko.
- Kadi mbili ndogo zenye maneno ya kusema, neno kwa neno: moja ya mfawidhi, moja ya mkuu wa wahudumu wa milangoni.
- Nambari ya Paybill ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Ikiwa sadaka bado inaingia katika simu ya mchungaji, hilo lirekebishwe kwanza kabla ya mengine yote.
- Kikao kimoja cha wazee cha saa mbili, mchungaji akiwepo. Asipokuwepo, ahirisheni. Mabadiliko haya yakianza bila yeye yataonekana kama uasi, na yatakufa kwa sababu hiyo.

## Kwanza tofautisheni heshima na utukufu

Hapa ndipo wengi huanguka kabla hata ya hatua ya kwanza. Wakisikia "utukufu kwa Mungu peke yake" wanaacha kuwashukuru watu kabisa, kwaya inavunjika moyo, mzee aliyechimbia kanisa kisima anajiona amedharauliwa, na baada ya miezi miwili kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Biblia haikatazi heshima. Warumi 13:7 inaagiza apewe heshima anayestahili heshima, na 1 Timotheo 5:17 inataka wazee watawalao vema wahesabiwe kuwa wamestahili heshima maradufu. Kinachokataliwa ni mtu kupokea kile ambacho ibada iliitishwa kumpa Mungu. Huko Listra, katika Matendo 14, watu walitaka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu baada ya kiwete kutembea. Mitume hao waliyararua mavazi yao wakakimbilia katikati ya umati wakipiga kelele. Herode, katika Matendo 12, alisikia watu wakisema sauti yake ni ya mungu, akanyamaza. Hakuomba asifiwe hivyo. Alikosa tu kukataa. Mfawidhi alikumbuke hilo.

Kanuni ya kazi ni hii: heshima kwa watu ina mahali pake na wakati wake, na mahali pake ni nje ya ibada au baada ya baraka.

## Hatua ya 1: Pimeni ibada mliyo nayo

Kwa Jumapili mbili mfululizo, yule mtu wa daftari akae safu ya katikati ya viti na kujaza safu nne za daftari: saa, nani ameshika maikrofoni, anamtaja nani, na makofi yamepigwa kwa ajili ya nani.

Safu ya tatu inahitaji uangalifu. Aandike kiima cha sentensi. "Mungu amemponya Mama Akinyi" ni tofauti na "Maombi ya mtumishi yamemponya Mama Akinyi". Na "Tumpigie Bwana makofi" inayofuata mara tu baada ya kutaja mchango wa mtu isiandikwe kwamba ni ya Bwana. Kila aliyemo ndani anajua ni ya nani.

Jumlisheni dakika. Dakika za utambulisho, salamu, pongezi na hotuba ziwekwe upande mmoja. Za maombi, kusoma Neno na kuimba upande wa pili. Wazee wengi hushtuka wanapoona kwamba kusoma Biblia kumepata dakika nne na itifaki imepata ishirini na tano.

Onyo: msitangaze zoezi hili. Mfawidhi akijua anapimwa, atajirekebisha kwa Jumapili mbili na hamtajua ukweli. Na matokeo yasisomwe mbele ya kanisa. Yabaki katika kikao cha wazee.

Mtajua hatua hii imefaulu kikao kikiacha kubishana kama tatizo lipo na kuanza kubishana lianze kurekebishwa wapi.

## Hatua ya 2: Andikeni ratiba upya

Huu ni mfano wa ibada ya saa mbili, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi:

- Wito wa ibada, kwa kusoma Zaburi: dakika 3
- Maombi ya kufungua na ya toba: 7
- Nyimbo: 25
- Masomo mawili ya Biblia: 8
- Shuhuda mbili: 8
- Sadaka: 12
- Mahubiri: 40
- Wimbo wa kuitikia na maombi: 12
- Baraka: 3

Jumla ni dakika 118. Mbili zilizobaki ni za kupanda na kushuka jukwaani.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, katika dakika 35 za mwanzo hakuna jina la mtu linalotajwa, hata la anayeongoza. Anayefungua ibada asianze na "Kwa majina naitwa..." Aanze na Neno. Zaburi 115:1 inafaa: "Ee BWANA, sio sisi, sio sisi, bali ulitukuze jina lako." Sauti ya kwanza ndani ya nyumba inaweka mwelekeo, na ukishapotea hapo, kuurudisha ni kazi.

Pili, matangazo na wageni hayamo kabisa. Yanakuja baada ya baraka, dakika 15, na anayeyaongoza asimame chini, mbele ya viti, asipande mimbarini. Baraka inafunga ibada. Kinachofuata ni mambo ya jamaa, na hapo mtu anaweza kupongezwa bila kumnyang'anya yeyote kitu.

Pingamizi litakuja mara moja: watu wataondoka baada ya baraka. Ni kweli, wengine wataondoka. Wekeni matangazo yote kwenye ubao na kwenye kundi la WhatsApp Jumamosi jioni, kisha baada ya baraka tajeni matatu tu yenye uzito. Chai ikiwepo, wengi watabaki hata bila kuombwa.

Kwa wenye liturujia ya Kikatoliki, matangazo yana nafasi yake baada ya sala ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho. Yaacheni hapo hapo, yafupisheni tu.

## Hatua ya 3: Wageni, viti na itifaki

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote katika mji kama Kisumu au Kakamega, hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia. Mgeni mheshimiwa hufika saa nne na nusu, katikati ya maombi, akiwa na watu kumi. Wahudumu wanawainua akina mama wa safu ya mbele. Mhubiri ananyamaza. Kisha mfawidhi anatamka "itifaki imezingatiwa", na baada ya hapo itifaki ndiyo inayozingatiwa kwa nusu saa nzima.

Yakobo 2:1-4 imeielezea hali hii kwa usahihi wa kutisha: mtu mwenye pete ya dhahabu anaambiwa akae hapa pazuri, maskini anaambiwa asimame kule. Fanyeni hivi.

Viti. Wahudumu wa milangoni wapewe agizo moja: anayefika anakalishwa kwenye kiti cha kwanza kilicho wazi. Hakuna mshirika anayeinuliwa. Ondoeni viti vya sofa vya mbele vilivyowekewa wageni. Vikibaki, atapatikana wa kuvikalia. Wazee wasiojiweza, walemavu na akina mama wenye watoto wachanga ndio watengewe nafasi, karibu na mlango na choo. Kiti cha askofu au cha mchungaji anayeongoza ibada ni cha kazi yake, hicho hakina tatizo.

Ngoma. Katika makanisa ya Kakamega na Vihiga, isukuti hupigwa kumsindikiza mgeni mkubwa hadi kitini. Isukuti ni hazina, isiachwe. Ipigwe katika wimbo wa kuingia na wakati wa kupeleka sadaka mbele. Mheshimiwa aingie kimya kama wengine.

Maneno. Kadi ya kwanza ya mfawidhi iandikwe hivi: "Wageni wetu, karibuni katika nyumba ya Bwana. Tutajuana baada ya baraka." Hayo tu. Asiongeze jina, cheo wala "wasimame tuwaone". Mgeni asiye na cheo huona haya kusimamishwa, na mwenye cheo huona haya kutosimamishwa. Sentensi moja kwa wote inawaokoa wote wawili.

Msaidizi mwenye kikaratasi. Atakuja. Atamnong'oneza mhudumu kwamba mheshimiwa ana haraka, anakwenda kanisa jingine, anaomba dakika mbili tu. Kadi ya pili ni ya mkuu wa wahudumu: "Mwambie mheshimiwa tumefurahi amekuja kuabudu nasi. Salamu ni baada ya baraka, hapo nje. Akilazimika kuondoka mapema, wazee watampelekea shukrani." Jibu litoke kwa mhudumu, lisimfikie mchungaji akiwa mimbarini. Likimfikia atalegea, maana ni vigumu kumkatalia mtu mkiwa mnatazamana mbele ya kanisa zima.

Msidhani mtakuwa wa kwanza kuthubutu. Septemba 2021, huko Butere katika Kaunti ya Kakamega, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibada. Walikaribishwa kama waumini wengine.

Onyo: kanuni hii isipowahusu marafiki wa mchungaji, haitadumu. Diwani aliyekataliwa Jumapili hii akisikia nabii mgeni kutoka Eldoret alipewa dakika ishirini za salamu Jumapili iliyofuata, atauliza kwa nini, naye atakuwa na haki ya kuuliza.

Dalili ya kufaulu ni mgeni mwenye cheo kufika, kuabudu na kuondoka, huku nusu ya washarika wakiwa hawakujua alikuwemo.

## Hatua ya 4: Kwaya na timu ya sifa

Shida ya sifa si nia mbaya. Waimbaji wazuri wanakuwa maonyesho bila kutaka, kwa sababu ya jinsi vyombo vilivyopangwa. Rekebisheni vyombo.

Teueni nyimbo tano, zisizidi. Angalau tatu ziwe zinajulikana na bibi wa miaka sabini na mtoto wa darasa la nne. Wimbo mpya mmoja kwa mwezi unatosha, nao urudiwe Jumapili tatu mfululizo. Kila wimbo usomwe kwanza kama maneno matupu: je, unamtaja Mungu ni nani na amefanya nini? Kama beti zote ni juu ya maadui wangu watakavyoaibika na mimi nitakavyoinuliwa, uacheni kwa Jumapili nyingine, au moja kwa moja.

Chagueni ufunguo ambao kusanyiko linauweza. Noti ya juu kabisa isipite D ya juu, na ya chini isishuke chini ya A. Kiongozi mwenye sauti nyembamba hupenda kupandisha. Akipandisha, wanaume wanaacha kuimba kwanza, kisha akina mama, na mwisho anabaki yeye peke yake akiimbia watu waliosimama wakimtazama.

Sauti ya spika: fundi asimame katikati ya kanisa na programu ya kupima sauti kwenye simu. Ikipita desibeli 85, ateremshe. Kipimo rahisi zaidi ni jirani. Kama humsikii aliye kando yako akiimba, mitambo imezidi. Na ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho uimbwe maikrofoni zote zikiwa zimezimwa pale kwenye miksa. Kanisa litaogopa mara ya kwanza, kisha litajisikia lenyewe.

Maneno kati ya nyimbo yakatwe. "Kisumu mko wapi? Sijawasikia! Upande huu mmeshindwa na upande ule!" ni maneno ya uwanja wa Mamboleo timu ikifunga bao. Badala yake kiongozi asome mstari mmoja wa Zaburi unaolingana na wimbo ujao, kisha aanze.

Kisha kuna kutuza. Watu kubandika noti kwenye vipaji vya nyuso za waimbaji, au kuzimwaga miguuni pa mpiga kinanda, ni desturi ya harambee na ya dansi, nayo imeingia ibadani bila hodi. Anayeguswa na wimbo aweke fedha yake kwenye kikapu cha sadaka. Ikiwa wanakwaya hawana nauli, kanisa liwape nauli kwa bajeti, wasiitafute kwa kuimba.

## Hatua ya 5: Ushuhuda

Luka 17 inasimulia wakoma kumi waliotakaswa. Mmoja akarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Huo ndio mfano wa ushuhuda, na ulikuwa mfupi.

Mzee mmoja awasikilize watoa ushuhuda kabla ya ibada, saa tatu kamili, pembeni. Awape mambo matatu ya kufuata: hali ilikuwaje, Mungu alifanya nini, namshukuru kwa nini. Dakika nne, kisha kiti. Wawili kwa Jumapili.

Yanayoharibika ni mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ushuhuda unaomtukuza mwombaji. "Nilizunguka hospitali zote, hakuna, nikaja kwa mtumishi huyu akanigusa mara moja." Petro alikutana na hali hiyo katika Matendo 3:12, akawauliza watu kwa nini wanamkazia macho yeye na Yohana kana kwamba ni kwa nguvu zao wenyewe au utauwa wao wamemwendesha yule kiwete. Mfawidhi asimkemee shahidi. Ashukuru, kisha aseme upya kwa sentensi moja ambayo kiima chake ni Mungu: "Mungu amemponya ndugu yetu, tumsifu Mungu." Mchungaji aliyetajwa akitikisa kichwa kukubali, hata kwa tabasamu tu, kazi yote imeharibika.

La pili ni majigambo yaliyovaa kanzu. Wajaluo wana pakruok, ufundi wa kujisifu kwa vijembe na majina ya sifa mbele ya mwanamuziki, na katika sherehe ni burudani safi. Ibadani hujificha hivi: "Mungu ni mwema, ameniwezesha kununua ploti ya pili Milimani, na gari mnaloliona hapo nje..." Mzee anayesikiliza mapema aulize, "Ukiondoa bei na mahali, ushuhuda unabaki?" Ukibaki, utolewe bila bei na mahali.

Kuhusu uponyaji, msiruhusu ushuhuda unaowadharau madaktari au unaomhimiza mtu kuacha dawa za kisukari, shinikizo la damu au ARV. Kumshukuru muuguzi hakumpunguzii Mungu chochote. Atakayeacha dawa kwa sababu ya ushuhuda wenu atakuwa mzigo wenu.

## Hatua ya 6: Sadaka na michango

Yesu amesema wazi katika Mathayo 6 kwamba utoapo sadaka usipige panda, yaani tarumbeta, mbele yako. Panda ya siku hizi ina betri.

Acheni kabisa kuita kwa madaraja. Mnajua jinsi inavyokwenda: wa elfu kumi waje mbele waombewe, wa elfu tano wafuate, wa elfu moja, na mwisho "wenye kile kidogo" wanapitishiwa kikapu kule kule nyuma. Mjane wa Marko 12 angekuwa wa mwisho kabisa katika foleni hiyo, naye ndiye aliyesifiwa na Bwana.

Utaratibu wa dakika 12 ni huu:

1. Msomaji asome aya moja fupi. Inayofaa zaidi ni 1 Nyakati 29:14, ambapo Daudi anakiri kwamba vyote vyatoka kwa Mungu na wamempa vilivyo vyake. Hakuna mahubiri madogo ya dakika kumi na tano juu ya kupanda mbegu.
2. Wote waje mbele kwa safu, walio nacho na wasio nacho, wakiimba. Asiye na kitu apite na kugusa kikapu, hakuna atakayejua.
3. Bahasha zote ziwe za aina moja na rangi moja.
4. Waliotuma kwa M-Pesa waandike kusudi katika sehemu ya akaunti: SADAKA, FUNGU au UJENZI. Wasiandike majina.
5. Watu watatu wasio wa familia moja wahesabu siku hiyo hiyo, waandike na watie sahihi wote watatu.
6. Jumla peke yake itangazwe wiki inayofuata, kwenye ubao.

Mweka hazina ataendelea kuwa na majina, maana taarifa ya M-Pesa inayaonyesha na stakabadhi lazima ziandikwe. Hakuna ubaya. Siri ya sadaka haimaanishi hesabu za gizani. Stakabadhi ipelekwe kwa mtoaji binafsi, na daftari lisionekane na mtu asiyehusika, mchungaji akiwa wa kwanza wao. Mchungaji anayejua nani ametoa ngapi atajikuta anawatembelea wagonjwa kwa kufuata orodha ile.

Harambee ya ujenzi ifanyike siku nyingine, ukumbini au chini ya hema, na mpangaji asiwe mhubiri. Hata huko, someni jumla, si orodha. Mkitaka kuthubutu zaidi, msiweke vibao vya majina ya wafadhili ukutani wala kwenye viti. Jiwe la msingi liandikwe mwaka na aya ya Biblia. Kanisa lenye jiwe linalosema lilifunguliwa na Mheshimiwa fulani litaabudu chini ya jina hilo hata baada ya yeye kushindwa uchaguzi mara tatu.

Onyo la kweli: mapato huenda yakashuka mwanzoni, kwa sababu kuna waliokuwa wakitolea makofi. Wazee wakubaliane kabla ya kuanza kwamba hawatarudi nyuma kabla ya miezi sita, na waandike azimio hilo kwenye kumbukumbu za kikao. Bila maandishi, mwezi wa pili mweka hazina ataleta hoja, na hoja itapita.

## Hatua ya 7: Mchungaji na mhubiri mgeni

Utambulisho wa mhubiri uwe jina na andiko analohubiri. Wasifu wake, shahada zake na nchi alizotembelea visomwe na anayetaka kwenye tangazo. Utambulisho wa dakika sita unamwinua mtu juu ya Neno kabla hajalifungua.

Mabango ya mikutano yageuzwe. Ukipita barabara ya Kondele au Langalanga utaona bango lenye uso wenye upana wa mita mbili, na chini kabisa, kwa herufi za mchwa, jina la Yesu. Agizeni hivi kwa mchapishaji: ujumbe na andiko nusu ya juu, tarehe na mahali robo, majina ya wahudumu robo ya chini kwa herufi zinazolingana. Picha si lazima.

Ndani ya mahubiri, mhubiri ahesabu hadithi ambazo yeye mwenyewe ndiye shujaa. Moja ni nyingi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.

Mafuta, maji au vitambaa vyenye picha ya mchungaji visiuzwe, visigawiwe.

Na siku ya kumshukuru mchungaji? Iendelee, Jumamosi, kwa chakula na zawadi. Lakini mshahara wake ulipwe tarehe ile ile kila mwezi na michango yake ya bima ya afya isikosekane. Kanisa linalompigia mchungaji makofi ya kilo huku likimdai uvumilivu wa miezi mitatu halijamheshimu. Makofi hayanunui unga.

## Mazishi

Huku kwetu, ibada inayoporwa zaidi hufanyika uani, Ijumaa au Jumamosi. Suluhisho ni mpaka wa saa. Wasifu wa marehemu, hotuba za familia, za waajiri na za wanasiasa zote zimalizike kabla ya saa sita. Kasisi au mchungaji akishavaa na kusoma sentensi ya kwanza, maikrofoni haimrudii mfawidhi hadi udongo uwe umefunika jeneza.

Elezeni familia jambo hili mkiwa katika kikao cha maandalizi, na liandikwe katika kijitabu cha ratiba. Likisemwa asubuhi ya mazishi, litaonekana kama kiburi cha kanisa kwa waliofiwa.

## Baada ya wiki nane

Rudieni hatua ya kwanza kwa daftari lile lile na mtu yule yule. Linganisheni safu kwa safu. Kwa kawaida viti na utambulisho hurekebika haraka, ushuhuda huchukua muda, na sadaka huwa ya mwisho. Sehemu iliyobaki nyuma kuliko zote ndiyo ya kushughulikia wiki nane zinazofuata, hiyo peke yake.

Mfawidhi ambaye bado anaongeza maneno yake nje ya kadi asiondolewe mara moja. Apewe kazi ya daftari kwa mwezi mzima, akae safu ya katikati na kuandika viima.